Dakika Ishirini za Stesheni ya Bir Ferjan

Bir Ferjan, 9 Oktoba 1988

Ami Lazhar,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Baba mpaka kwa punda, ambaye si yule uliyemwacha bali mjukuu wake, na ukaidi ni ule ule. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imenyesha na mizeituni imenawa vumbi. Mimi bado nafundisha darasa la nne, bado naishi na Baba tangu mume wangu afariki, na bado tunagombana kuhusu pilipili kwenye supu. Nataraji Dalila na watoto hawajambo, na kwamba hiyo Ufaransa yenu haijaanza baridi mapema.

Hali ya Baba ndiyo iliyonishikisha kalamu. Jicho la kushoto limezimika kabisa. La kulia, daktari wa Sfax anasema halitafika mwaka. Mwenyewe amelipokea jambo hili kwa utulivu wa kuudhi, ila kila asubuhi, akishamaliza kahawa, husema maneno yale yale: "Lazhar aje wakati bado namwona." Ami, una miaka ishirini hujakanyaga hapa. Hukuja kwenye harusi yangu wala kwenye msiba wa Mama. Sikulaumu, nakuhesabia tu.

Jambo la pili. Halmashauri imeamua stesheni yetu igeuzwe nyumba ya vitabu vya watoto. Itafunguliwa Ramadhani ijayo, Mungu akipenda. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia yake itundikwe ukutani, kwa kuwa ni mwalimu na ni binti wa stesheni masta wa mwisho. Nimemwomba Baba anisimulie. Kajibu: "Muulize Lazhar, ndiye mwenye maneno." Basi nakuuliza. Na bora zaidi njoo uniambie kwa mdomo. Usinipigie simu, maana simu iko posta na posta yetu unaijua, ukipiga chafya wanakuombea afya mpaka sokoni.

Mwanao,
Mongia


Givors, 20 Novemba 1988

Mongia, binti wa kaka yangu,

Barua yako ilifika siku nyingi, aliyechelewa ni mimi. Dalila anakusalimu, anauliza kama bado unanuna ukishindwa karata. Wavulana wamekuwa majitu, wanazungumza Kifaransa puani na kunijibu kwa mabega. Mgongo wangu umeharibiwa na kiwanda cha vioo, lakini pumzi bado ipo.

Historia unayoitaka hii hapa. Stesheni ilijengwa na Wafaransa kwa ajili ya nyasi za halfa, si kwa ajili yetu. Wanawake waling'oa halfa huko milimani mpaka viganja vikapasuka, ngamia wakaileta, ikafungwa marobota, ikapakiwa kwenda bandarini ikawe karatasi. Sisi tukabaki bila hata daftari. Lakini treni hiyo hiyo ilirudi na behewa la maji, na mwaka wa ukame kijiji kizima kilipanga mitungi ukumbini. Andika hilo. Andika pia kwamba baba yako alianza kwa kufagia ukumbi, akajifunza kusoma kwa kufuatisha herufi za kwenye mabehewa, akawa stesheni masta. Mimi nilikuwa mtu wa kugeuza reli, mita mia tatu kutoka stesheni, peke yangu na lile banda la mbao.

Andika habari za saa. Saa kubwa ya ukumbini ndiyo pekee iliyoaminika kutoka kwetu mpaka mlimani. Watu walioa kwa saa ile. Muadhini wa msikiti alikuwa kipofu, kwa hiyo Ramadhani alikuwa akisubiri kengele ya stesheni kisha ndipo aadhini. Baba yako Tijani akipiga, vijiko vinaingia kwenye bakuli kijiji kizima.

Halafu yakaja mafuriko ya mwaka 1969, daraja likaenda, na hakuna aliyejisumbua kulijenga. Huo ndio mwisho.

Kuja, mwanangu, ni kugumu. Mgongo. Tena boila ya nyumbani imekufa, na hapa bila boila mtu anaganda. Mwambie kaka yangu nampenda. Tutaona.

Ami yako,
Lazhar


Bir Ferjan, 4 Desemba 1988

Ami yangu mpendwa,

Poleni kwa boila. Mwaka juzi ilikuwa gari, mwaka uliotangulia jino. Nimeanza kuviombea dua vyombo vyenu.

Hapa tuko salama. Kondoo wamezaa mapacha mara mbili. Baba anaendelea. Jana alimimina mafuta ya zeituni nje ya bakuli, akaficha kwa mkate nisione. Nimeona.

Historia yako ni nzuri, nimemsomea na akacheka mahali pa mitungi. Lakini Ami, umeruka. Unaniambia kuhusu kengele ya Ramadhani, halafu unarukia mafuriko kama mtu anayevuka mtaro. Mwaka 1967, siku ya kumi na nane ya mfungo, nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nusu ya briki, ile sambusa yetu ya yai, ilikuwa mdomoni. Mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi, hakuna aliyeliona jua. Kengele ikalia, muadhini akaadhini, tukala. Mara mawingu yakapasuka na jua likatokea juu ya kilima, kubwa, limekaa kabisa, halina haraka. Mama aliniambia niteme nje. Nilikuwa nimeshameza.

Unajua yaliyofuata. Kijiji kizima kilipaswa kulipa siku ile. Na Haji Belgasem, mzee aliyejisifu kwamba tangu balehe hajawahi kuangusha hata siku moja, akafa siku nane baadaye kabla hajapata nafasi ya kuilipa. Binti yake, Bi Manubia, alipiga kelele matangani kwamba Tijani amemharibia baba yake funga, na tangu hapo hajampa salamu. Mpaka leo mwanamke akijifungua kabla ya wakati, wanasema kazaa kwa saa ya Tijani. Shuleni mimi niliitwa Binti Futari. Baba alikuwa akisikia yote, haoneshi kitu. Kengele yenyewe alipofunga stesheni aliichukua, iko chini ya kitanda chake, imefungwa kwa blanketi.

Sasa halmashauri inaitaka itundikwe mahali pake. Baba amekataa. Kasema hataweka mguu pale wala hataki jina lake ukutani. Na ufunguo wa stesheni uko kwa Bi Manubia, ambaye huweka majani ya mbuzi kwenye ukumbi wa abiria. Nitaandikaje historia hii huku siku muhimu kuliko zote siijui? Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?

Mongia


Givors, 17 Desemba 1988

Mongia,

Sote wazima.

Mambo ya siku ile yaache. Saa ni chuma, chuma hukosea. Andika halfa, andika maji, yatosha. Watoto hawana haja ya kusoma ukutani aibu za wazee wao.

Siji mwaka huu.

Lazhar


Givors, 2 Februari 1989

Mongia,

Leo sina habari za nyumbani. Dalila amelala, nimejifungia jikoni, na hii ni karatasi ya sita, tano zimeingia kwenye pipa la taka.

Barua yangu iliyopita ilikuwa ya mtu mwoga. Nisamehe. Umeniandikia kwamba baba yako anaficha mafuta yaliyomwagika ili usione kwamba haoni. Sentensi ile imekaa kifuani mwangu mwezi na nusu.

Ni mimi. Saa ile niliisogeza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na navuta sigara tangu nikiwa na kumi na nne. Nakuapia sikuwa na sababu nyingine yoyote. Nilitaka sigara. Siku ya kumi na nane, baridi, mawingu, kichwa kinapasuka. Saa tisa baba yako alikwenda kusali, nikapanda kwenye kiti, nikafungua kioo cha saa, nikasukuma mshale dakika ishirini mbele. Nikajiambia, kwa mawingu haya nani atajua? Na sijui kwa nini sikuwaza kwamba watu wengine nao watakula. Niliwaza mdomo wangu tu. Kisha nikarudi kwenye banda langu.

Kengele ilipolia nilikuwa nimeshakishika kiberiti. Nilivuta mara mbili, Mongia. Mara mbili tu, halafu jua likatoka na kunitazama usoni.

Nilikimbia mpaka stesheni. Kaka yangu alikuwa amesimama ukumbini, watu wamemzunguka wanampigia kelele, naye anasema, "Kosa ni langu. Kosa ni langu peke yangu." Nikafungua mdomo. Mtu anayechezea saa ya reli alikuwa anafukuzwa kazi na pengine anafungwa, kila mtu alijua. Nikaufunga. Nikajiambia nitasema kesho. Kisha Haji akafa, Manubia akalia vile, na kesho haikuja tena. Machi nikapata karatasi za Ufaransa nikaondoka.

Kaka yangu amebeba mzigo wangu miaka ishirini na moja na hajui ni wangu. Ndiyo maana siji. Si mgongo. Nitaliangaliaje jicho lile moja lililobaki?

Mwambie, au usimwambie. Nimechoka, nakuachia wewe. Ukiamua kutoniandikia tena nitaelewa.

Lazhar


Bir Ferjan, 26 Februari 1989

Ami Lazhar, mpumbavu wangu mpendwa,

Sote wazima, Baba mzima, punda mzima. Keti kitini kwanza. Umeketi? Haya.

Barua yako ilinitia hasira siku mbili. Nilikuwa nakukasirikia huku naosha vyombo, mpaka nikavunja ile sahani ya Nabeul. Nilifikiri: nikimwambia Baba, atakufa kwa uchungu au atafurahi? Sikujua. Nikasema kabla sijafungua mdomo nitafute daftari la treni la siku ile, kwa sababu Baba aliyaacha madaftari yote kabatini kwenye chumba cha tiketi, na wewe mwenyewe unajua alivyokuwa: angeweza kumficha mtu jambo, lakini daftari la treni hakuweza kulidanganya.

Nikaenda kwa Bi Manubia kuomba ufunguo. Alikuwa anachambua dengu. "Unataka nini mle?" akaniuliza. "Kuna majani tu."

"Nataka madaftari."

"Ya nani? Ya yule?"

"Ya stesheni, Bi Manubia."

Akanitupia ufunguo bila kuinua kichwa. "Usinikanyagie majani. Na mlango ufunge, mbuzi wangu hawajui kusoma lakini karatasi wanakula."

Ami, nimelipata. Tarehe 20 Desemba 1967. Nakunakilia kama lilivyo, kwa mwandiko wa Baba:

"Saa kumi na dakika kumi. Treni ya halfa imeomba njia. Nimeulizana saa na stesheni ya mbele kwa simu, kama kanuni. Saa yetu imetangulia dakika ishirini. Nimeirudisha. Saa kumi na robo, treni imeahirishwa, haiji."

Soma tena ikiwa hukuamini. Kila treni ikiomba njia, stesheni mbili huulizana saa, umesahau? Treni yenyewe haikuja, ndiyo maana wewe huko bandani hukuitwa ugeuze reli na hukujua lolote. Dhambi yako iliishi muda wa saa moja na dakika kumi. Ilisahihishwa kabla mtu yeyote hajala hata punje.

Chini yake mstari mwingine: "Saa kumi na dakika arobaini na saba. Kengele imepigwa. Hakuna treni. Amri yangu mwenyewe."

Jua siku ile lilitua saa kumi na moja na dakika saba. Nilirudi nyumbani mbio kama nina miaka kumi na tatu. Baba alikuwa anajipasha jua mlangoni. Nikamsomea barua yako kwanza, yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Unajua alisema nini?

"Alivuta mara mbili tu?"

"Baba!"

"Maskini. Angemaliza."

Kisha lile jicho likajaa machozi. Akasema, "Mimi nilidhani aliondoka kwa kunionea haya. Kaka anayechekwa na kijiji kizima, nani angemtaka? Nikasema mwache aende, akaishi mahali ambapo hakuna anayenijua." Ami, miaka ishirini na moja yeye naye amekaa na hilo. Nyinyi wawili mnastahili bakora.

Nikamsomea mstari wa kengele. "Na hii, Baba? Ulijua saa ni sahihi. Kwa nini ulipiga?"

Alikataa kusema. Nikamwambia sipiki supu mpaka aseme. Ndipo akasema.

Haji Belgasem alikuwa akija kila jioni ya mfungo kukaa kwenye benchi ukumbini, chini ya saa, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na wakati. Alikuwa mgonjwa siku ya tatu, daktari alimkataza kufunga, naye akamjibu daktari aangalie mambo yake. Jioni ile midomo yake ilikuwa myeupe kama chokaa. Baba akamletea maji, akamwambia, "Haji, kunywa, umeruhusiwa, wewe mgonjwa." Mzee akasema, "Si kabla ya kengele." Kisha kichwa kikalala ukutani. Baba akatazama saa. Zilibaki dakika ishirini. "Nikaona hafiki," akaniambia. "Nikapiga. Akafungua macho, akasema bismillahi, akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Mimi nilimpigia Haji peke yake, Mongia. Nilisahau kwamba kijiji kizima kina masikio."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka huku nalia, naye akacheka.

"Na kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba Haji Belgasem, asiyewahi kuangusha siku, alizimia kama mtoto ukumbini nikamdanganya? Angekufa siku ile ile kwa aibu. Halafu akafa kweli. Nisimame matangani nimtupie maiti kosa langu?"

Nikamwomba ruhusa nimwambie Bi Manubia. Akasema, "Mrudishie ufunguo. Likikutoka, likutoke."

Lilinitoka, bila shaka. Bi Manubia alinisikiliza na dengu mkononi. Nilipomaliza akauliza jambo moja: "Alikunywa?"

"Vikombe viwili."

"Jioni ile alirudi nyumbani akala supu," akasema. "Siku tatu alikuwa hali. Alikula, akanitania chumvi. Nikasema labda atapona." Akazishika dengu zile kama amesahau ni za nini. "Miaka ishirini na moja namnunia mtu aliyempa baba yangu maji."

Magharibi ya siku ile mlango wetu uligongwa kwa teke, maana mikono yake ilikuwa imebeba sinia la kuskusi. Hakusalimu. Alisimama mbele ya Baba akafoka, "Wewe Tijani! Ungesema, ungekufa?"

Baba akasema, "Manubia? Sura siioni vizuri, lakini sauti ni ile ile."

"Nyamaza ule," akasema, akaketi, akammegea nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa Ami, boila yenu inaendeleaje?

Mongia


Givors, 12 Machi 1989

Mongia,

Dalila alinikuta ngazini, barua mkononi, akadhani kuna aliyekufa. Nilimpa asome. Aliposoma alinipiga begani kwa nguvu na kuniambia nimemfanya asiione nchi yake miaka ishirini kwa ajili ya sigara.

Nimelala usingizi wa usiku kucha. Mara ya mwisho kulala hivyo siikumbuki. Asubuhi mgongo ulikuwa umenyooka, ajabu, nikaenda kukata tiketi za meli kwa miguu.

Lakini sijaponyoka kabisa. Mkono wangu uliishika saa ile, na kama si treni ya halfa kuomba njia ningekula funga ya kijiji kizima. Na nilifunga mdomo wakati kaka yangu anapigiwa kelele. Haya nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, na anijibu anavyotaka. Tutafika Tunis Aprili 8, Bir Ferjan siku ya pili yake.

Kwenye historia ya ukutani, uniandike. Andika: mgeuza reli alichezea saa. Watoto wasome.

Ami yako,
Lazhar


Bir Ferjan, 24 Machi 1989

Ami Lazhar,

Nyumba imepakwa chokaa, chumba chako kina godoro jipya, na punda amearifiwa. Majani ya mbuzi yametoka stesheni. Bi Manubia amefagia ukumbi mwenyewe na anatukana kila anayeingia na viatu vyenye tope. Historia nimeiandika, na siku ya kumi na nane imo yote: Haji na kikombe chake, saa, wewe, na kengele. Bi Manubia aliisoma ya kwanza. Alisahihisha jambo moja tu, kwamba vikombe vilikuwa vitatu, kwa sababu baba yake alimwambia.

Jana Baba alitoa kengele chini ya kitanda. Tulilifungua blanketi, akaipapasa pande zote, kisha akaniambia niandike yafuatayo neno kwa neno, nisiongeze kitu:

"Lazhar, ndugu yangu. Ulipopanda kwenye kile kiti ulikuwa mpumbavu, na mimi nilipodhani unanionea haya nilikuwa mpumbavu zaidi, basi tumelipana. Bado namwona mtu akisimama karibu, kwa hiyo ukifika simama karibu. Siku ya ufunguzi kengele ya futari utaipiga wewe. Watu wa hapa wamekubali kwa sharti la Manubia: saa haitatumika, atapanda mlimani kulitazama jua mwenyewe mpaka lizame lote, ndipo apunge kitambaa. Mimi nitakaa kwenye benchi la Haji na kikombe cha maji. Kiberiti chako nipe mimi nikushikie. Ukishapiga nitakurudishia, na safari hii, mdogo wangu, imalize."